Fani ya Mkondo wa Kubuni

Chora mistatili miwili iliyoshikana ubavu kwa ubavu. Kwenye ubavu wa kushoto kabisa weka betri ya volti 20, na kwenye ubavu wa kulia kabisa betri ya volti 12, zote mbili ncha chanya ikiwa juu. Mstari wa juu wa mstatili wa kushoto upe rezista ya omu 4, na wa mstatili wa kulia upe nyingine ya omu 4. Ubavu wa katikati, unaotumiwa na mistatili yote miwili, uwe na rezista ya omu 2. Swali ni lile linalorudi kila mwaka katika madarasa ya fizikia na vyuo vya ufundi: mkondo wa umeme unaopita katika kila kipande cha waya ni kiasi gani?

Njia za kulijibu ni zaidi ya moja. Hii ninayotaka kuisoma kama mhakiki anavyosoma utungo huanza kwa kubuni. Inatuambia tuchukulie kwamba ndani ya kila mstatili upo mkondo mmoja unaozunguka kwa kufuata mshale wa saa, unarudi ulikotoka, haupungui wala hauongezeki njiani. Wa kushoto tuuite i1, wa kulia i2. Kisha tuzunguke kila mstatili tukihesabu volti zinazotolewa na betri na volti zinazoliwa na rezista, tukijua kwamba mzunguko mzima lazima ujifunge kwa sifuri. Tunabaki na mistari miwili:

6 i1 − 2 i2 = 20
−2 i1 + 6 i2 = −12

Ukiitatua, i1 ni ampea 3 na i2 ni ampea −1.

Sasa katiza ubavu wa katikati, uunge ameta, usome. Haitaonyesha 3. Haitaonyesha 1. Itaonyesha 4. Mikondo tuliyoipa majina, tukaiandikia milinganyo na kuitafuta mpaka tukaipata, haionekani kwenye waya huo. Kinachopita pale ni tofauti yake, 3 kutoa −1. Katika mbavu za nje mkondo wa kubuni na mkondo halisi ni kitu kimoja. Katikati hutengana, na hakuna chombo duniani kitakachoonyesha kimoja kimoja.

Kabla ya kuendelea tukubaliane juu ya majina. Saketi ikichorwa ni wavu. Pale waya zinapokutana ni fundo. Kipande kinachounganisha fundo na fundo ni tawi. Njia yoyote inayorudi ilipoanzia ni kitanzi, na kitanzi ambacho ndani yake hakuna tawi linalokatiza ni jicho. Kila jicho ni kitanzi, ila si kila kitanzi ni jicho: mzingo wa nje wa mchoro wetu ni kitanzi halali, lakini ndani yake umesimama ubavu wa katikati. Mbinu tunayoisoma hutoa mkondo mmoja kwa kila jicho, na hakuna zaidi.

Turudi kwenye ile mistari miwili, kwa sababu humo ndimo fani ilimo. Mstari wa kwanza unasomeka hivi: mkondo wa jicho la kushoto unapita katika omu 6 kwa jumla, yaani 4 za juu na 2 za katikati, lakini katika zile 2 jirani yake anapita kwa upande wa pili, kwa hiyo fungu lake liondolewe, na kinachousukuma mzunguko huu ni volti 20. Mstari wa pili unasema maneno yaleyale kutoka upande wa jicho la kulia, ila betri yake inasukuma kinyume cha mshale wa saa, ndiyo maana 12 imeandikwa hasi. Hakuna namba iliyokaa bure. Ile 6 ni habari ya jicho lenyewe. Ile −2 ni habari ya mpaka kati ya majirani. Kilicho kulia kwa alama ya usawa ni habari ya chanzo. Ukinionyesha milinganyo bila mchoro, naweza kuuchora mchoro upya.

Alama ya kutoa inastahili kutazamwa peke yake. Inatokana na uamuzi mmoja uliofanywa mwanzo kabisa, kwamba mikondo yote izunguke upande mmoja. Majirani wawili wanaozunguka upande mmoja lazima wapishane kwenye mpaka wao: mmoja anashuka, mwingine anapanda. Ukibadilisha mwelekeo wa mmoja wao, −2 itageuka kuwa chanya 2 pande zote mbili, na majibu yatabaki sahihi. Kwa hiyo desturi ya kufuata mshale wa saa hailazimishwi na umeme. Ni sharti la utunzi, na faida yake ni kwamba likishikwa, namba zote zilizo kwenye ulalo, kutoka juu kushoto hadi chini kulia, huwa chanya, na zote zilizo nje ya ulalo huwa hasi au sifuri. Kosa la alama linaonekana kwa jicho tu kabla hata hujaanza kukokotoa.

Tena −2 imejirudia, juu na chini, na haiwezekani isijirudie. Omu 2 za mpaka ni zilezile ukizitazama kutoka kushoto au kutoka kulia. Ulinganifu huu wa maandishi una tafsiri yake katika maabara. Ondoa betri zote mbili, weka volti 1 katika jicho la kushoto, upime mkondo katika jicho la kulia: utapata sehemu 1 ya 16 ya ampea. Weka volti hiyo katika jicho la kulia, upime kushoto: sehemu 1 ya 16 ileile. Wanafizikia huliita jambo hili kanuni ya mwafaka wa pande mbili, na vitabu hulithibitisha kwa kurasa. Hapa limeandikwa waziwazi katika umbo la jedwali, na msomaji aliyezoea kutazama umbo ataliona kabla hajaambiwa.

Lakini kiini hasa cha mbinu kiko mahali pengine, na ndicho kilichonifanya niandike. Kanuni ya kwanza ya Kirchhoff inasema kwamba umeme unaoingia katika fundo lazima uwe sawa na unaotoka. Tafuta mahali ilipoandikwa katika milinganyo yetu. Haipo. Mistari yote miwili ni ya volti, yaani ya kanuni ya pili. Kanuni ya kwanza imekwenda wapi? Nenda kwenye fundo la juu katikati. Mkondo i1 unaingia kutoka kushoto. Kuelekea kulia unatoka i2, na kushuka katikati unatoka i1 − i2. Jumlisha vinavyotoka: i1 − i2 + i2, yaani i1. Fundo limesawazika, na limesawazika bila kuuliza namba zenyewe ni ngapi. Mkondo unaozunguka na kurudi ulikotoka, kila fundo unaloingia unalitoka. Hauna pa kupotelea. Anayebuni mkondo wa namna hiyo ameitii kanuni ya kwanza tangu alipochora mshale, na hawezi kuivunja hata akitaka.

Jambo hili lina matokeo ambayo mwanafunzi huchelewa kuyajua. Tuseme umekosea hesabu ukapata i1 ni 100 na i2 ni 57. Ukienda kwenye fundo kuhakiki, utakuta 100 zinaingia, 57 na 43 zinatoka, na kila kitu kinaonekana sawa. Kuhakiki majibu ya mbinu hii kwa kujumlisha mikondo kwenye fundo ni kuhakiki kitu kisichoweza kukosea. Uhakiki wenye maana uende kwenye volti au kwenye nguvu. Betri ya volti 20 ikitoa ampea 3 inatoa wati 60. Ile ya volti 12 inatoa ampea 1, kwa sababu hasi ya i2 inatuambia mkondo unakwenda kinyume na tulivyobuni, yaani unatoka kwenye ncha chanya ya betri. Hizo ni wati 12. Jumla 72. Rezista ya kushoto inakula 36, ya katikati 32, ya kulia 4. Jumla 72. Hapo sasa majibu yametiwa kwenye mizani ambayo ingeweza kuyakataa.

Katika mjadala mrefu wa ushairi wa Kiswahili, wale wanaotetea arudhi na wale walioiacha wamebishana kama umbo hubeba wazo au hulivisha tu. Sina nia ya kuuingia mjadala huo hapa. Nataka tu kusema kwamba katika saketi hii ndogo jibu linaweza kuhesabiwa: umbo limebeba sheria nzima ya maumbile, na limeibeba kwa ukamilifu kiasi kwamba sheria hiyo haikuhitaji mstari wake.

Sheria yenyewe ni ya Gustav Kirchhoff, aliyezaliwa mwaka 1824 katika mji wa Königsberg, mji uleule ambao madaraja yake yalimpa Leonhard Euler swali lililoanzisha hisabati ya mitandao mwaka 1736. Kirchhoff alitangaza kanuni zake mbili mwaka 1845, akiwa mwanafunzi wa miaka 21, ndani ya makala iliyohusu mtiririko wa umeme katika bamba la duara. Mwaka 1847 akarudi na makala nyingine, na hii kwa fikra zangu ndiyo kubwa zaidi, kwa sababu inajibu swali la fani: kati ya milinganyo yote inayoweza kuandikwa kwa vitanzi vya mtandao, mingapi inasema jambo jipya? Jibu lake ni idadi ya matawi, kutoa idadi ya mafundo, kuongeza 1. Kwa mchoro wetu, 3 kutoa 2 kuongeza 1 ni 2.

Hata hivyo Kirchhoff aliandika kama mtu anayehesabu kila tawi. Kila tawi lina mkondo wake wenye jina lake, na kila mkondo ni kitu ambacho ameta ingeweza kukisoma. Kwa saketi yetu hiyo ni mikondo 3 na milinganyo 3, mmoja wa fundo na miwili ya vitanzi. Uandishi huu haubuni lolote, na hilo ni jambo la kuheshimiwa. Gharama yake ni kwamba kanuni ya kwanza inabidi isemwe tena na tena, fundo kwa fundo.

James Clerk Maxwell alizijaribu njia mbili. Katika kitabu chake kikubwa cha umeme na sumaku cha mwaka 1873, mtandao wa waya ameushughulikia kwa kuanzia kwenye viwango vya volti vya mafundo. Njia ya mikondo inayozunguka aliifundisha katika mihadhara yake ya mwisho Cambridge, kabla ya kifo chake mwaka 1879. Mmoja wa waliomsikiliza alikuwa John Ambrose Fleming, ambaye baadaye, mwaka 1904, alivumbua vali ya kwanza ya redio. Mwaka 1885 Fleming aliiandika mbinu hiyo kwa upana, akaonyesha jinsi majibu yanavyosomwa moja kwa moja kutoka kwenye determinanti, na akaipa jina la mwalimu wake. Hainishangazi kwamba wazo lilimjia Maxwell. Alikuwa ametumia miaka mingi akiandika juu ya mistari ya nguvu ya sumaku, ambayo hujifunga bila mwanzo wala mwisho. Alijua kitu kinachojifunga kina uwezo gani.

Ili kuona fani ikifanya kazi mahali pazito zaidi, tuchukue daraja la Wheatstone. Samuel Hunter Christie alilieleza mwaka 1833; Charles Wheatstone akalitangaza mwaka 1843, akimtaja Christie kuwa mwenye wazo. Wanafunzi wa kidato cha tano na sita nchini Tanzania hulikuta katika umbo la waya wa mita moja uliotandazwa juu ya ubao, wenye kipima cha kutelezesha. Mafundo ni manne: A juu, D chini, B kushoto, C kulia. Betri inaunganisha D na A kwa nje, upande wa kushoto, ncha chanya ikielekea A. Kutoka A hadi B tuweke omu 1, kutoka B hadi D omu 2, kutoka A hadi C omu 2, kutoka C hadi D omu 1. Kati ya B na C ipo galvanometa, nayo tuipe omu 1. Betri iwe ya volti 7.

Matawi ni 6, mafundo 4. Aliyeshika njia ya tawi kwa tawi ana namba 6 za kutafuta. Macho ni 3: la kushoto lenye betri, la juu kulia lenye A, C na B, na la chini kulia lenye B, C na D. Tunaandika:

3 i1 − i2 − 2 i3 = 7
−i1 + 4 i2 − i3 = 0
−2 i1 − i2 + 4 i3 = 0

Majibu ni 5, 2 na 3. Mkondo wa galvanometa ni i3 − i2, yaani ampea 1 kutoka B kwenda C.

Simama kwenye jedwali hili kidogo. Ulalo ni 3, 4, 4. Pembeni mwa ulalo namba zinatazamana kama zilivyotarajiwa, −1 kwa −1, −2 kwa −2, −1 kwa −1. Sasa jumlisha kila mstari kwa upana. Wa kwanza: 3 − 1 − 2 ni 0. Wa pili: −1 + 4 − 1 ni 2. Wa tatu: −2 − 1 + 4 ni 1. Namba hizi zina maana. Ni ukinzani ambao kila jicho linao kwenye mpaka wake na nje, ule ambao halikugawana na jirani yeyote. Jicho la kwanza kwa nje lina betri tu, isiyo na ukinzani, kwa hiyo 0. La pili lina tawi AC lenye omu 2. La tatu lina tawi CD lenye omu 1. Tena jumlisha milinganyo yote mitatu, mmoja juu ya mwingine. Kila kilicho ndani kinafutana, na kinachobaki ni 2 i2 + i3 = 7, ambao ni mlinganyo wa kitanzi cha nje kinachopita kwenye betri, AC na CD. Weka majibu: 4 na 3 ni 7.

Hapo ndipo mtu anaelewa kwa nini mzingo wa nje haupewi mkondo wake. Haukusahauliwa, umekwishasemwa na macho ya ndani kwa pamoja. Kuuandika ni kurudia. Ile 1 inayoongezwa katika kanuni ya Kirchhoff, ambayo wengi huikariri bila kujua imetoka wapi, inakaa hapahapa: fomula inayoitwa kwa jina la Euler inasema kwamba mchoro bapa uliounganika una maeneo yanayofikia idadi ya matawi, kutoa mafundo, kuongeza 2, ukihesabu na eneo la nje lisilo na mwisho. Ondoa hilo la nje, unabaki na macho.

Daraja likisawazishwa, galvanometa inasimama kwenye sifuri. Tuyape matawi majina: AB iwe P, BD iwe Q, AC iwe R, CD iwe S, na galvanometa iwe na ukinzani wowote. Kwa lugha ya kawaida tungesema hakuna umeme unaopita kati ya B na C. Kwa lugha ya macho tunasema i2 ni sawa na i3. Tofauti hii ya usemi inaleta hesabu. Mikondo miwili ikiwa sawa, mpaka wa galvanometa unajifuta katika milinganyo yote miwili, bila kujali ukinzani wake. Mstari wa pili unabaki P mara i1 ni sawa na P + R mara i2. Mstari wa tatu unabaki Q mara i1 ni sawa na Q + S mara i2 uleule. Gawanya mmoja kwa mwingine: uwiano wa P kwa Q ni uwiano wa P + R kwa Q + S, na hapo P mara S ni sawa na Q mara R. Sharti maarufu la daraja limetoka kwa mistari mitatu. Kimya cha galvanometa kimesomwa kuwa ni makubaliano ya majirani wawili waliolingana, na kwa sababu kimesomwa hivyo, ukinzani wa galvanometa umetoka kwenye hesabu wenyewe, bila mtu kuuondoa. Ni uthibitisho mzuri kuliko wote ninaoufahamu wa sharti hilo, na inasikitisha kuona vitabu vingi vikiupita ili kutoa sharti kama fomula ya kukariri.

Na hili ni lalamiko la kweli. Mbinu ya macho hufundishwa kama mapishi: hatua ya kwanza chora mishale, ya pili andika milinganyo, ya tatu tatua. Mwanafunzi anafika kwenye jibu na hajui kwamba alichora kitu kisichokuwepo. Akiulizwa i1 inapita wapi, ataonyesha kwa kidole ubavu wa katikati. Mwalimu aliyekwisha kumwambia waziwazi kwamba mkondo wa jicho ni wa kubuni, na kwamba katika tawi la mpaka ukweli ni tofauti ya mikondo miwili ya kubuni, amempa ufunguo wa mbinu nzima. Sioni sababu ya kuuficha.

Fani yoyote ina mahali inaposita. Hii inasita pale chanzo cha saketi kinapokuwa chanzo cha mkondo, kitu kinachoshikilia ampea zake na kuziacha volti zake ziwe zozote. Kikiwa kwenye tawi la nje ni nafuu kubwa, kwa sababu mkondo wa jicho hilo umejulikana kabla ya hesabu. Kikiwa kwenye mpaka kati ya macho mawili, hatuna cha kuandika tukilipita tawi hilo, maana volti zake hazijulikani. Suluhisho la kawaida ni kuyaunganisha macho yale mawili kuwa moja kubwa kwa ajili ya mlinganyo wa volti, kulizunguka tawi sumbufu bila kuligusa, kisha kuongeza mstari unaosema kwamba tofauti ya mikondo miwili ni ampea za chanzo. Hesabu inatoka sawasawa, ila ulinganifu uliotusaidia unapotea. Umeme wa mkondo geu, kinyume chake, hauisumbui fani hata kidogo. Mahali pa ukinzani unaweka impidansi, namba zinakuwa changamano, na jedwali linabaki na sura ileile ya ulalo na mipaka.

Mahali inapovunjika ni pengine, na ni pa kijiometri. Mbinu inahitaji macho, na macho yanahitaji mchoro unaoweza kulazwa juu ya karatasi bila tawi kuvuka tawi. Weka mafundo 5 na uunganishe kila moja na kila jingine. Matawi ni 10. Jaribu kuyachora bila kuvukana, haiwezekani. Kazimierz Kuratowski alithibitisha mwaka 1930 kwamba mitandao isiyolazika ni ile, na ni ile tu, inayoficha ndani yake ama umbo hili ama umbo jingine moja, la mafundo matatu yaliyounganishwa yote na mengine matatu. Kanuni ya 1847 bado inahesabu: 10 kutoa 5 kuongeza 1 ni 6, kwa hiyo vitanzi 6 huru vipo. Ila si macho. Vinapatikana kwa njia nyingine, ya Kirchhoff mwenyewe: chagua matawi yanayogusa mafundo yote bila kutengeneza kitanzi, yaani mti, kisha rudisha matawi yaliyobaki moja moja, na kila moja litafunga kitanzi chake. Mikondo ya kubuni inawezekana hata hapo, na kanuni ya kwanza bado inatiiwa bila kuandikwa. Kinachopotea ni nidhamu ya majirani wawili. Kwenye karatasi bapa, tawi moja haliwezi kuwa mpaka wa macho zaidi ya mawili, na ni kwa sababu hiyo kila namba nje ya ulalo ilisomeka kirahisi. Katika mtandao usiolazika tawi moja linaweza kubebwa na vitanzi vitatu au vinne, baadhi vikienda upande mmoja, baadhi upande wa pili, na alama za chanya na hasi zinachanganyika.

Wahandisi wa kompyuta waliuona udhaifu huo mapema. Programu ya SPICE, iliyotoka Chuo Kikuu cha California, Berkeley, mwaka 1973 kwa kazi ya Laurence Nagel chini ya Donald Pederson, ilijengwa juu ya mafundo. Kompyuta hupewa orodha ya vifaa, kila kifaa na mafundo yake, wala haihitaji kuuona mchoro. Mwaka 1975 Ho, Ruehli na Brennan waliipanua njia ya mafundo ili ivipokee vyanzo vya volti bila taabu, na sura hiyo ndiyo iliyoenea katika programu za kuiga saketi.

Njia ya mafundo inafaa kusomwa kwa jicho lilelile, kwa sababu ni kinyume cha hii kwa usahihi wa kushangaza. Humo kinachotafutwa ni kiwango cha volti cha kila fundo, na kanuni inayoandikwa ni ya kwanza. Ya pili ndiyo iliyomezwa. Ukizunguka kitanzi chochote kutoka kiwango hadi kiwango na kurudi ulipoanzia, jumla ya kupanda na kushuka ni sifuri, hata kama viwango vyenyewe umevikosea. Anayeihakiki kwa kuzunguka vitanzi anapoteza muda kama yule wa macho anayejumlisha kwenye fundo.

Katika daraja letu mafundo yana haki ya kujivunia. Ukichukua D kuwa sifuri, betri inaiweka A kwenye volti 7 moja kwa moja, na yasiyojulikana ni mawili tu, B na C, dhidi ya matatu ya macho. B ni volti 4, C ni volti 3. Volti 1 imesimama juu ya omu 1 ya galvanometa, nayo inatoa ampea 1 ileile tuliyoipata kwa kutoa 2 kutoka 3. Ila kwa njia ya mafundo, ampea 5 za betri hazimo katika majibu; inabidi uzijenge baadaye kwa kujumlisha 3 za tawi AB na 2 za tawi AC. Kwa njia ya macho zilikuwa i1, namba ya kwanza tuliyoipa jina.